Injini ya Boti Mpya: Soma Herufi ya Mwisho Kabla Hujalipa

Malalamiko mnayonitumia siku hizi karibu yote ni ya namna moja. Boti ya faiba imeshatoka kwa fundi, rangi imekauka, jina limeandikwa ubavuni, halafu imekaa juu ya magogo inapigwa jua kwa sababu injini "iko njiani". Nusu ya bei imeshatangulizwa, na simu ya muuzaji haipokelewi tena haraka kama wakati ule wa kupatana.

Nguvu na ulaji wa mafuta nayaacha, maana kila nahodha ana msimamo wake na hatabadilishwa na mimi. Nazungumzia urefu wa shafti, yaani ule mguu wa injini unaoshuka hadi kwenye propela, kwa sababu hapo ndipo uhaba wa injini unapowaumiza watu bila wao kujua.

Msomaji mmoja wa Kilwa alilipia Yamaha E15DMHL. Baada ya kusubiri sana akaletewa E15DMHS, akaambiwa "ni ile ile, kaka". Si ile ile. Hiyo E ni Enduro, 15 ni hospawa, D ni toleo, M ni ya kuwashwa kwa kamba, H ni ya kuongozwa kwa mpini wa mkono. Herufi ya mwisho ndiyo shafti: S ni fupi, inchi 15, L ni ndefu, inchi 20. Zipo na X za inchi 25 kwa boti zenye tezi, yaani ubao wa nyuma inaponing'inia injini, ya juu zaidi. Mzigo ukiadimika, dukani hubaki zile ambazo wengi hawazitaki, na muuzaji anaona heri akupe iliyopo kuliko akurudishie hela.

Ukifunga shafti fupi kwenye boti ya tezi ndefu, propela inakaa juu mno. Wimbi likiinua nyuma, inakamata hewa. Injini inalia kwa sauti kubwa na boti haiendi. Tundu za kuvutia maji ya kupozea nazo zinatoka nje, joto linapanda, na usipokuwa makini unaua pistoni ukiwa bado unajiuliza kwa nini boti mpya ni nzito. Ukifanya kinyume chake, shafti ndefu kwenye tezi fupi, utakwaruza mwamba kila maji yakipwa.

Kwa hiyo chukua tepu. Simama nyuma ya boti, katikati, upime kutoka juu ya ubao pale injini inaponing'inia hadi chini ya boti. Ukipata karibu sentimita 38 unahitaji S. Karibu 51 ni L. Karibu 64 ni X. Injini ikishafungwa, kile kibao bapa kilicho juu ya propela kiwe usawa wa upande wa chini wa boti pale nyuma, au chini yake kidogo tu.

Yule wa Kilwa alishauriwa akate ubao wa tezi kwa grainda ili injini ishuke. Naomba msifanye hivyo. Ndani ya faiba pale nyuma mara nyingi kuna plaiwudi, na ukishaikata bila kuiziba vizuri inanyonya maji na kuoza kimyakimya hadi siku injini inapoanza kucheza. Isitoshe umeshusha ukuta wa nyuma. Subiri upepo wa kusi uanze, urudi nyumbani na mawimbi yanakufuata, ndipo utajua ule ubao ulikuwa na kazi gani.

Sasa chaguo langu. La kwanza ni Yamaha Enduro, 15 kwa boti ndogo na 40 kwa ya mzigo au ya kuvulia mbali, na sioni haya kuonekana napendelea. Ni injini ya zamani yenye kabureta, inachanganywa oili na petroli, inakunywa, inatoa moshi. Lakini impela, plagi na gasketi zake utazipata Tanga, Mafia, Lamu na Mwanza, na fundi aliye chini ya mwembe anaifungua bila kitabu. Tatizo ni kwamba sheria za moshi za Ulaya na Marekani haziruhusu injini za aina hii ziuzwe mpya huko, kwa hiyo soko lake ni letu na wenzetu wachache, na wauzaji huleta kwa kudonoadonoa.

La pili ni Suzuki au Tohatsu za aina hiyo hiyo. Nzuri tu, ila uliza spea kwanza kwenye bandari yako, si Dar.

Injini za foo-stroku, yaani za mipigo minne ambazo oili yake inakaa peke yake, zinakula mafuta kidogo, na kwa boti ya watalii inayozunguka kutwa zinaleta maana. Ila ya hospawa 40 inakaribia kilo 100, wakati Enduro ya 40 ni kilo 70 na ushee, na boti nyembamba itakaa matako, nyuma ikizama. Pia ukiisafirisha ilazwe upande ulioandikwa na kiwanda, la sivyo oili inaingia kwenye silinda. Vijana wa kupakia mizigo hawasomi stika.

Za Kichina, Parsun na Hidea, zinapatikana leo leo na bei ni ya chini. Kwa ziwani na mwendo mfupi, sawa. Evinrude zilizotumika ziacheni. Kiwanda kilisimamisha uzalishaji mwaka 2020.

Na sasa wauzaji. Mwaka 2020 na 2021 niliwavumilia, dunia nzima ilikosa injini na makontena. Tangu mwisho wa 2023 wimbo ni meli kushambuliwa Bahari ya Shamu. Jamani, meli inayotoka Japani kuja Dar au Mombasa inakata Bahari ya Hindi. Bahari ya Shamu inaipitia wapi? Halafu bei. Kanuni za Machi 2025 zinakataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni hapa Tanzania, basi wanakuandikia shilingi na chini wanaongeza "itategemea dola siku ya mzigo kufika". Huo ni mlango wa kukupandishia bei ukiwa umeshalipa nusu.

Kwenye profoma, ile ankara ya awali, dai iandikwe modeli yote hadi herufi ya mwisho, bei isiyobadilika, tarehe ya kukabidhiwa, na kwamba modeli ikiwa tofauti unarudishiwa hela yote. Akikataa kuandika, ondoka. Na kama boti bado haijaanza kujengwa, nunua injini kwanza, umpelekee fundi aione, akate tezi kwa kipimo cha shafti iliyopo mkononi.