Tathmini ya huduma kwa mgonjwa wa pepopunda katika hospitali moja ya rufaa ya mkoa

Hospitali ninayoitathmini ilimtibu mjomba wangu, mkulima aliyevuka miaka 60, ambaye alijikata mguu kwa jembe na siku chache baadaye taya zake zikaanza kukaza. Jina la hospitali naliacha, kwa sababu nina malalamiko mazito juu ya idara mbili na sipendi yafunike kazi ya wodi iliyomwokoa.

Huduma ya pepopunda haipimwi kwa uzuri wa jengo wala kwa ukarimu wa mapokezi, bali kwa namna hospitali inavyokabiliana na mambo yanayojulikana kumsogeza mgonjwa karibu na kifo. Baadhi ya mambo hayo yameshaamuliwa kabla hajafika mlangoni. Umri ni mojawapo, kwani wazee na watoto wachanga ndio hufa zaidi. Jingine ni muda: zikipita siku chini ya 7 tangu kuumia hadi dalili ya kwanza, au saa chini ya 48 tangu dalili hiyo hadi mkakamao wa kwanza wa mwili, hatari hupanda sana. Mapitio ya wagonjwa 102 wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, yaliyochapishwa mwaka 2011, yalionyesha kwamba zaidi ya wanne katika kila kumi walifariki, na wengi mno kati ya wagonjwa hao walikuwa wanaume. Hilo halinishangazi. Mwanamke hupata chanjo anapohudhuria kliniki ya wajawazito, ilhali mwanamume aliyezaliwa, kama mjomba, kabla ya Mpango wa Taifa wa Chanjo kuanza mwaka 1975 anaweza kuzeeka bila kuchanjwa hata mara moja.

Mapokezi yalituangusha. Mzee asiyeweza kufungua kinywa aliwekwa kwenye foleni ya kawaida, na aliyemwona kwanza alimwelekeza kwa daktari wa meno bila kuuliza habari za kidonda. Daktari wa zamu aliyempokea baadaye alifanya kipimo kisichohitaji maabara: aligusa nyuma ya koo kwa kijiti, na badala ya kutaka kutapika, mgonjwa akakiuma kwa nguvu. Alitambua ugonjwa papo hapo. Ndipo tukaelekezwa kwenye duka la dawa la hospitali, ambako sindano ya kingamwili dhidi ya sumu ya pepopunda haikuwapo, na ndugu wakalazimika kuitafuta mjini usiku. Lawama hii siwezi kuipunguza, kwa sababu sindano hiyo huzuia tu sumu ambayo bado haijashikamana na mishipa ya fahamu. Iliyokwisha kushikamana haing'oki kwa dawa yoyote.

Chumba cha wagonjwa mahututi kinastahili sifa kamili. Kelele, mwanga mkali na kuguswaguswa huamsha mikakamao, kwa hiyo wauguzi walimlaza pembeni penye giza kiasi, wakazima simu zao, na kila walipohitaji kumgeuza, kumsafisha kidonda na kumpa dawa, waliyafanya yote kwa mkupuo mmoja ili apumzike. Hawakusubiri pumzi imwishie. Mikakamao ilipoanza kubana koo, mtaalamu wa dawa za usingizi alituita, akatueleza kwa lugha nyepesi kwa nini koo litobolewe mapema, kisha mgonjwa akaunganishwa na mashine ya kupumulia. Mahali pasipo na mashine hiyo, kukosa hewa ndiko huua wengi. Ilipo, adui anayebaki ni kuvurugika kwa mapigo ya moyo na shinikizo la damu, ambalo kwa saa moja tu linaweza kupaa na kuporomoka. Niliona daftari la vipimo likijazwa usiku kucha, na dawa ya magnesiamu ikiongezwa au kupunguzwa kulingana nalo. Uangalifu wa namna hiyo ndio ninaoutaka katika kila hospitali ya rufaa.

Gharama ni kubwa, hata kwa mwenye bima, kwa kuwa kupona huchukua wiki nyingi hadi miisho ya mishipa ya fahamu iote upya, na familia inapaswa kuelezwa hivyo tangu siku ya kwanza. Sisi tulielezwa mapema.

Kwa mgonjwa anayehitaji mashine ya kupumulia, wodi hii naipendekeza bila kusita, mradi ndugu wafike wakitaja pepopunda na kidonda mapokezini, na waulize mara moja kama sindano ya kingamwili ipo. Mjomba alichanjwa kabla ya kuruhusiwa, maana kuugua pepopunda hakumpi mtu kinga, na kwenye kadi yake ziliandikwa tarehe za dozi mbili zilizobaki, ya kwanza baada ya wiki 4 na nyingine miezi 6 baadaye.