Kruza (pikipiki nzito ya kiti cha chini) ya safari ndefu za peke yako Marekani: nunua ipi?

Mkisafiri kundi, pikipiki ikilala chini kuna wa kukusaidia kuinyanyua. Ukiwa peke yako kwenye barabara ya US-50 huko Nevada, ambako Austin hadi Fallon ni kama kilomita 180 na katikati hakuna mji wa maana, mwenye kuinyanyua ni wewe. Ndiyo maana sikuzipanga hizi kwa ukubwa wa injini. Nimeangalia kama mtu mmoja anaimudu ikiwa imesimama, tangi linamfikisha wapi, na fundi yuko umbali gani.

1. Harley-Davidson Road King. Naiweka juu bila kusita. Matoleo ya kuanzia 2008 yana tangi la karibu lita 23, na ukienda kwa mwendo wa kiungwana unapita kilomita 350 kabla ya kutafuta kituo. Haina sanduku kubwa nyuma wala dashibodi nzito juu ya usukani, hivyo uzito wake umekaa chini. Kioo cha upepo unakichomoa kwa mikono mitupu jua likizidi. Kubwa zaidi ni mawakala: hata miji midogo ya Marekani mara nyingi ina mtu anayeifahamu injini hii. Ila bajeti ikikurudisha kwenye matoleo ya 1999 hadi 2006, muulize muuzaji kama vikaza-cheni vya kamshafti (vinavyokaza cheni ya mhimili unaofungua vali za injini) vimeshabadilishwa. Vile vya mwanzo vina plastiki inayolika, na vipande vyake vikiingia kwenye oili vinaweza kuua injini. Akibabaika, ondoka.

2. Honda Gold Wing isiyo na sanduku la nyuma, 2018 na kuendelea. Silinda sita, cc 1,833, na gurudumu la nyuma linazungushwa na shafti badala ya cheni. Chagua yenye gia za kujibadilisha: ina mwendo wa polepole wa kwenda mbele na kurudi nyuma, na ukiiegesha pua ikiangalia mteremko utamshukuru aliyeubuni. Imekuwa ya pili kwa sababu ya bei, na kwa kuwa kazi nyingi zinaanza kwa kufungua makava ya plastiki. F6B ya 2013 hadi 2016 ni ndugu yake wa bei nafuu, tangi lake lita 25, ila haina rivasi.

3. Kawasaki Vulcan 900 Classic LT. Kama wewe ni mfupi au ndiyo unaanza, ifanye namba moja yako. Kiti kiko sentimita 68 tu kutoka chini, uzito haufiki kilo 300, tangi lita 20, mkanda badala ya cheni. Gia ni tano, kwa hiyo kwenye barabara kuu za maili 80 kwa saa, upepo ukikupiga usoni, utaisikia ikihangaika. Ipeleke kwenye barabara za zamani za majimbo, maili 55 hadi 60 kwa saa, utaipenda.

4. Yamaha Royal Star Venture, 1999 hadi 2013. Injini ya V yenye silinda nne, shafti, starehe nyingi kwa pesa kidogo. Lakini inakaribia kilo 400 na sehemu kubwa ya mzigo huo iko juu.

Harley Ultra na Indian Roadmaster nimeziacha makusudi. Ni pikipiki nzuri sana za watu wawili, nawe utakuwa unalipia kiti cha abiria asiyekuwepo.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji uisukume kinyumenyume kwenye kimlima kidogo, injini ikiwa imezimwa. Ikikushinda hapo, itakushinda kwenye maegesho ya moteli usiku umechoka. Kuinyanyua kuna mbinu yake: ikilalia kulia, toa stendi ya pembeni kwanza, ingiza gia ya kwanza, geuka uipe mgongo, bana makalio kwenye ukingo wa kiti, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye fremu, kisha tembea kinyumenyume kwa hatua fupi. Nguvu itoke miguuni, kiuno kisijipinde.

Halafu inama usome matairi. Tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT, ile iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2316 ni wiki ya 23 ya 2016. Kruza nyingi zinalala gereji miaka, meno ya tairi yakabaki mapya huku mpira umeshakufa. Ukikuta hivyo, bei ya matairi mawili na kufungwa kwake itoke kwenye bei ya pikipiki.