Kumjua Mark Twain: kitabu cha mto au tawasifu?

*Life on the Mississippi* (1883), cha mwandishi Mmarekani Mark Twain kuhusu mto Mississippi, ni kitabu kimoja, na mtandaoni kinapatikana bure. Sura za ujana wake, akijifunza urubani wa meli za mvuke chini ya rubani Horace Bixby, hazina mfano. Humo pia mna kifo cha mdogo wake Henry mwaka 1858, baada ya meli ya Pennsylvania kulipuka. Ukishapita hapo, kinalegea.

Tawasifu yake kamili, juzuu tatu za 2010 hadi 2015, ni ghali ikiwa ya kuchapwa, na inarukaruka, kwani sehemu kubwa aliisimulia kwa mdomo. Lakini msiba wa kufiwa na binti yake Susy utaukuta huko. Kwa ukweli, vyote visomwe kwa tahadhari: Twain alipenda kukoleza.

Mwenye muda mchache achukue kitabu cha mto. Anayemtafuta Twain mzee, mume na baba aliyefiwa, avumilie juzuu.