Nyanya cheri kwenye ndoo: uzoefu wangu wa misimu mitatu, Donholm

Ukiwa unataka kununua mbegu za nyanya cheri, zile nyanya ndogo ndogo, usivutwe na picha ya pakiti. Mimi nilivutwa, na msimu wangu wa kwanza ukaishia hapo.

Napanda nyuma ya nyumba, hapa Donholm, Nairobi. Udongo wetu ni ule mweusi unaopasuka wakati wa jua na kunata kwenye viatu mvua ikinyesha, kwa hiyo niliacha kupigana nao. Nililetewa udongo mwekundu kutoka upande wa Kiambu, nikauchanganya na samadi iliyooza vizuri, nikajaza ndoo za rangi za lita 20 zilizotobolewa chini. Mti mmoja kwa ndoo, basi. Nilipojaribu miwili, yote ilinyong'onyea.

Mbegu ya kwanza ilikuwa Yellow Pear. Ni nzuri kweli kwa macho: manjano, umbo la peasi, shingo nyembamba. Na huzaa! Niligawia majirani mpaka wakachoka. Lakini ukiiuma, unapata maji na ungaunga, uchachu hakuna, utamu hakuna. Niliitia kwenye kachumbari, ikamezwa na kitunguu. Kwa watoto wanaopenda kuchuma, sawa. Kwa ladha, siipandi tena.

Msimu wa pili nikapata Sungold, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Ni chotara, F1, yaani imetokana na kupandanisha aina mbili tofauti, iliyotolewa na kampuni ya Kijapani ya Tokita mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mbegu zake ni ghali; pakiti yangu ya mbegu kumi ilizidi bei ya pakiti nzima ya Cal J, nyanya ya kawaida. Nilizichuma za kwanza zikiwa manjano nikidhani zimeiva, nikasikitika. Kumbe bado. Zilizobaki mtini niliziacha siku nne zaidi, zikawa rangi ya chungwa lililokolea, na ukiigusa tu inaachia kikonyo, inabaki mkononi. Hiyo ndiyo ya kula. Utamu unatangulia, uchachu unaukata katikati, na mwishoni inabaki harufu ya tunda, karibu na pasheni. Mtoto wa jirani alikula moja, akaniuliza, "Anti, hili ni tunda ama ni nyanya?" Akaomba nyingine kabla sijamjibu.

Kasoro yake ni moja na ni kubwa: ngozi ni nyembamba. Mwezi wa Aprili ilinyesha usiku kucha, na asubuhi nusu ya kichala kilichokuwa tayari kilikuwa kimepasuka kuanzia kwenye kikonyo, siafu wameshafika. Mizizi iliyokuwa na kiu ikinywa maji mengi kwa ghafla, tunda hufura kuliko ngozi inavyoweza kutanuka. Siku hizi wingu likitanda jioni nachuma zote zilizokolea. Pia sisubiri ndoo ikauke ndipo niimwagie maji tele. Natia kidogo kidogo kila asubuhi. Kumwagilia kwa kuruka siku ndiko pia kuliniletea nyanya zilizooza kitako, kwa sababu bila maji ya kutosha madini ya kalsiamu hayafiki kwenye tunda.

Halafu nikafanya kosa la kuhifadhi mbegu za Sungold. Miche minne iliota, na hakuna hata mmoja uliofanana na mama yake: miwili ilizaa nyekundu za kawaida, mmoja chungwa lisilo na ladha, mwingine uchachu mtupu. Chotara ndivyo ilivyo. Kila msimu unanunua upya, na hilo uliweke kwenye hesabu yako.

Ndiyo maana moyo wangu sasa uko kwa Black Cherry. Si chotara. Nilikamua mbegu zake, nikaziacha kwenye kikombe cha maji siku tatu ute utoke, nikazianika kwenye sahani, na msimu uliofuata zikatoka vile vile. Tunda lina rangi ya zambarau iliyoingia kahawia, na kabla ya kuiva lina mabega, yaani sehemu ya juu kuzunguka kikonyo, ya kijani kibichi. Mabega hayo yana maana. Nyanya nyingi za sokoni zimechaguliwa kwa miaka mingi ziive rangi moja bila mabega, na mwaka 2012 wanasayansi walionyesha kwamba kuharibika kwa jeni moja kunakoleta rangi hiyo sawasawa ndiko pia hupunguza sukari inayotengenezwa ndani ya tunda lenyewe. Black Cherry si tamu kama Sungold, ila ina uzito mdomoni, karibu kama mchuzi. Iweke juu ya ugali na sukuma, nyunyiza chumvi kidogo, hutatafuta nyama.

Sweet 100 nayo nimeipanda. Nyekundu, tamu, vichala virefu, hupasuka vilevile. Ni nzuri, lakini sina kubwa la kuisimulia.

Zote nne hurefuka bila kukoma, kwa hiyo fito na kamba ya katani uwe nazo mapema, na machipukizi ya kwapani, kati ya shina na jani, uyavunje kwa vidole yakiwa bado madogo. Jua liwe la muda wa saa sita kwa siku au zaidi; ndoo yangu moja iliyokaa kwenye kivuli cha ukuta ilizaa matunda yasiyo na utamu wowote, ingawa mbegu ilikuwa ile ile. Baridi ya Juni na Julai ndiyo adui mkuu: majani yalipata mabaka kama yaliyomwagiwa maji moto, na ndani ya wiki moja mti ukaisha. Siku hizi nahamisha miche Agosti ikielekea mwisho, nachuma kabla baridi haijarudi.

Na tafadhali, usizitie kwenye friji. Niliziweka usiku mmoja tu, harufu ile ya pasheni ikapotea, na sikuipata tena hata zilipopata joto. Mimi naziacha kwenye bakuli mezani, vikonyo vikiangalia chini.

Mwezi huu nina ndoo sita: nne za Black Cherry, mbili za Sungold.