Beleshi la dhahabu limenirudishia usingizi

Kwenye seva yetu ya Minecraft tuko tisa, karibu wote ndugu. Kabla sijaweka GriefPrevention, programu-jalizi ya kulinda viwanja vya wachezaji, nilikuwa naamka nakuta kasha la almasi tupu, na ukiuliza, hakuna aliyepita hapo.

Sasa unashika beleshi la dhahabu, unabofya pembe mbili za kiwanja, basi, pamekuwa pako. Mgeni habomoi hata tofali. Kwa mipangilio ya kawaida, kila saa unayocheza inakuongezea bloku 100 za eneo la kumiliki, kwa hiyo wavivu wabaki na vibanda vyao.

Utamu uko kwenye ngazi za ruhusa. Amri ya /accesstrust inampa mtu vitanda, vitufe na swichi tu. /containertrust inamfungulia makasha, mazao na mifugo. /trust ndiyo ya kujenga na kubomoa, na hapo ndipo nilipojiponza: nilimpa mdogo wangu, akang'oa ukuta "tupate dirisha". Usiku mazombi wakaingia, wanakijiji wangu wawili (wahusika wa mchezo, si wachezaji) wakageuka mazombi.

Nikaandika /untrust, nikamrudisha kwenye /containertrust. Amenuna, lakini karoti anavuna.