Michoro ya viungo ya karne ya 19 kwenye blogu yangu: uzoefu wangu na BHL

Blogu yangu ya mapishi ilikuwa na ile sura ya kiolezo cha bure: juu bakuli la saladi, chini maandishi ya kijivu. Mimi naandika pilau, achari na chai ya viungo. Saladi ile sijawahi hata kuila.

Nilitaka michoro ya viungo, ila hela ya kumlipa mchoraji sina. Nikaingia Biodiversity Heritage Library (BHL), maktaba ya mtandaoni iliyoanza 2006, kazi ya pamoja ya maktaba za makumbusho na bustani za mimea, Smithsonian ya Marekani ikiwamo. Vitabu vya zamani vya mimea na wanyama vimeskaniwa ukurasa kwa ukurasa. Unasoma na kupakua bila malipo na bila kufungua akaunti.

Kilichonikamata ni Köhler's Medizinal-Pflanzen, kitabu cha Kijerumani cha mimea ya dawa cha miaka ya 1880. Karafuu, mdalasini, iliki, manjano, tangawizi, pilipili manga, vyote vimo kwa rangi. Katikati tawi zima, pembeni ua na tunda vilivyopasuliwa na kupewa namba. Ukiiangalia karafuu ile, unajua aliyeichora alikaa nayo mezani muda mrefu.

Kutafuta ndiko kugumu. Kiswahili hakifui dafu humo. Unahitaji jina la kisayansi, na mara nyingi lile la zamani. Karafuu siku hizi ni Syzygium aromaticum, lakini vitabu vya enzi zile vinaiita Caryophyllus aromaticus au Eugenia caryophyllata. Ukichoka, nenda Wikimedia Commons, ghala la mtandaoni la picha za kutumia bure: michoro mingi ya Köhler iko huko tayari, imekatwa vizuri, na maelezo ya leseni yako papo hapo.

Suala la leseni usilipuuze. Kitabu cha karne ya 19 kama hiki hakimiliki yake imekwisha, unaweza kukata, kupaka rangi, hata kuchapa kwenye kanga ukipenda. Lakini BHL ina pia vitabu vipya vilivyowekwa kwa ruhusa ya wenyewe, vingi kwa leseni ya CC BY-NC-SA: umtaje mwenye kazi, usiitumie kibiashara, na ukiibadilisha uitoe kwa leseni ileile. Blogu yangu ina matangazo, kwa hiyo hizo naziacha. Hali ya hakimiliki imeandikwa kwenye ukurasa wa kila kitabu. Hata kwa michoro iliyo huru, chini naandika ilikotoka. Sheria hainidai, ila msomaji naye anaweza kutaka kuifuata.

Kuhusu muonekano, karatasi ya zamani ina umanjano, na juu ya weupe mtupu mchoro unaonekana mchafu. Badala ya kuufuta umanjano huo, nilichukua rangi ya karatasi nikaifanya rangi ya blogu nzima. Hapo ndipo kila kitu kilikaa sawa, hata fonti ikajichagua yenyewe.

Mafaili ni mazito, na wasomaji wangu wengi wanaishi kwa bando. Punguza upana hadi pikseli 1200 na uhifadhi kwa WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, kabla ya kupandisha.

Nawapa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya utafutaji. Na picha ya pilau lenyewe likiwa kwenye sinia usiitegemee humo; hiyo napiga kwa simu.