"Bariki mpango wangu" au "Mapenzi yako yatimizwe"?

Unataka fremu Kariakoo, na mwenye nyumba anadai kodi ya miezi 6 kwa mkupuo. Ombi la kwanza huja baada ya kulipa: Mungu anapelekewa mpango uliokwisha kamilika, agonge muhuri tu. Biashara ikiyumba, imani nayo huyumba.

La pili huja kabla pesa haijatoka, nalo ni gumu zaidi, lakini ndilo bora. Kule Gethsemane Yesu alitaja kwanza alichotaka, kikombe cha mateso kimwepuke, ndipo akajisalimisha. Akaomba hivyo mara 3 (Mathayo 26:39–44). Basi taja haja yako bila kuificha, rudia kwa siku kadhaa, mshirikishe mzee wa kanisa, ndipo uamue. Yakobo 4:13–15 haikatazi kupanga biashara. Inakemea kupanga kana kwamba kesho ni mali yako.